Kilele Hupangwa Mezani: Kwa Wanaoanza Kupanda Milima kwa Ski

Wanaoanza kupanda milima kwa ski, vile vibao virefu vya kuteleza juu ya theluji, huniuliza kwanza habari za vifaa: ski za urefu gani, viatu vya uzito gani. Hayo yana siku yake. Mimi huwarudisha mezani, jioni ya kuamkia safari, penye ramani, rula na penseli, kwa sababu makosa yangu makubwa ya mlimani niliyafanya nikiwa nimekaa.

Tuchukue Gran Paradiso, mita 4,061, mlima mrefu kuliko wote uliomo mzimamzima ndani ya Italia. Wengi huupanda kwa ski kati ya Machi na Mei, wakilala kwanza kwenye kibanda cha wapanda milima cha Vittorio Emanuele II, juu kidogo ya mita 2,700. Una sifa ya kuwa rahisi, na sifa hiyo ndiyo inayowaponza wageni. Njia inapita juu ya barafu ya kudumu yenye nyufa zilizofunikwa na theluji, kwa hiyo kamba ni lazima, na lazima uwe umejifunza kumtoa mtu aliyetumbukia. Tena hewa ya juu kule ni nyepesi: aliyetoka bondeni jana anaweza kuumwa kichwa na kutapika kabla hajakiona kilele.

Anza na saa. Chukua mita za kupanda, gawanya kwa 100, ongeza kilomita za njia, kisha gawanya jumla kwa 4. Unapata saa za kupanda. Kutoka kibandani hadi kileleni ni kama mita 1,330. Tukikadiria njia kuwa kilomita 5, tunapata 13.3 na 5, yaani 18.3, sawa na saa nne na nusu na ushee. Hapo hujasimama kunywa chai wala kufunga kamba, basi ongeza saa nzima. Ukitaka kuanza kushuka saa tano asubuhi, lazima uwe nje ya mlango saa kumi na moja alfajiri, taa kichwani.

Kwa nini saa tano? Theluji ya majira ya kuchipua huganda usiku na kuyeyuka mchana. Alfajiri ni ngumu kama sakafu, na utahitaji meno ya chuma chini ya ski ili usiteleze. Jua likipanda, tabaka la juu linalainika, na hapo ndipo kushuka kunakuwa raha. Raha hiyo haidumu. Maji yakizama ndani, theluji inapoteza mshiko na mteremko mzima unaweza kuondoka. Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba kuganda kunategemea anga kuliko kipimajoto. Usiku wa nyota, theluji hupoteza joto lake angani na huganda hata kama hewa iko juu kidogo ya sifuri. Usiku wa mawingu, joto linarudishwa chini kama umefunikwa blanketi. Kwa hiyo mimi nikiamka hutoka nje kwanza, natazama juu, kisha nakanyaga theluji kwa kisigino. Kiatu kikizama, narudi kulala.

Sasa mwinuko. Maporomoko mengi ya mabamba ya theluji huanzia kwenye miteremko ya digrii 30 kwenda juu. Kwenye ramani ya 1:25,000 yenye kontua, yaani mistari ya kimo sawa, za kila mita 20, digrii 30 ni pale kontua mbili zinapoachana kwa milimita 1.4 hivi. Zikikaribiana zaidi, paka rangi nyekundu. Siku hizi simu inakupakia rangi hizo yenyewe, lakini fanya kwa mkono mara kumi za mwanzo, jicho linajifunza. Kisha angalia kilichoko juu ya njia yako. Unaweza kutembea mahali tambarare kabisa ukafukiwa na kitu kilichoanzia mita 300 juu yako.

Rangi hizo zilinganishe na taarifa ya hatari ya maporomoko, ambayo kila eneo kubwa la milima ya Alps hutoa msimu wa theluji kwa ngazi 1 hadi 5. Kanuni aliyoieneza Werner Munter, kiongozi wa milima wa Uswisi, ni nyepesi kukumbuka: ngazi ya 2, baki chini ya digrii 40, ya 3, chini ya 35, ya 4, chini ya 30. Usidanganywe na namba 3 kukaa katikati. Hatari haiongezeki kwa hatua sawa kutoka ngazi hadi ngazi, inaruka, na ngazi ya 3 huua watu wengi kwa sababu wengi bado hutoka. Na usiishie kwenye namba. Soma maneno: pande zipi za mlima, kuanzia mita ngapi, tatizo ni upepo, theluji mpya au maji.

Mwezi Mei mmoja, kwenye mlima mwingine, tuliandika kwamba tusipofika kwenye bega la mlima saa nne na nusu tunageuka. Tulifika saa tano na robo. Usiku ulikuwa na mawingu, na fimbo yangu ilikuwa ikizama hadi mkononi. Mwenzetu akasema, "Dakika ishirini tu zimebaki." Nikakubali, na mimi ndiye niliyekuwa nimeiandika ile saa. Wakati wa kushuka theluji iliondoka chini yetu polepole, nzito kama zege bichi, ikambeba yeye hadi ikamfikia kiunoni. Tulimchimbua akiwa mzima, ski moja hatukuipata. Tangu hapo saa ya kugeuka tunaisomea kwa sauti kibandani, na yeyote akisema "tugeuke" hatuombi sababu.

Kuhusu kuchimbua: kitafutio cha redio mwilini, kinachotoa na kupokea ishara, fimbo ndefu ya kuchoma theluji kumtafuta aliyefukiwa, na koleo la chuma, kila mtu na vyake. Italia sheria inavidai tangu 2022 kwa wapandao kwa ski penye hatari ya maporomoko. Mlangoni mmoja asimame, wengine wapite mbele yake mmojammoja asikie kama ishara inatoka. Simu ikae sentimita 20 au zaidi mbali na kitafutio. Aliyefukiwa ana nafasi nzuri akitolewa ndani ya dakika 10 za kwanza, baada ya hapo nafasi hiyo inapungua haraka, na helikopta mara nyingi huwa bado iko njiani. Piga 112, namba ya dharura, lakini wanaomwokoa ni nyinyi. Mkishamgusa kwa fimbo, iacheni pale pale, mchimbe kutoka upande wa chini wa mteremko kuelekea kwake. Kuchimba ndiko kunakomeza dakika, kwa hiyo fanyeni mazoezi na begi lililofukiwa.

Mwisho, mwachie mtu wa bondeni jina la njia na saa utakayorudi. Ukifika, mpigie kabla hujavua viatu. Mimi niliwahi kusahau, nikalala, nikaamshwa na waokoaji mlangoni.