Re: Mgeni wangu anapenda picha na majumba ya kale, nina Jumamosi moja tu, nimpeleke wapi Dar?

Mkuu kwa Jumamosi moja anzieni Posta mapema kabla jua halijachachamaa, Old Boma pale Sokoine Drive, Sultani Majid wa Zanzibar aliijenga miaka ya 1860, kuta za matumbawe nene balaa na ule mlango wa nakshi kama wa Unguja, mwache aupapase. Toka hapo kwa mguu mpaka Mtaa wa India ila macho juu sio kwenye fremu za maduka, utaona vighorofa vya kale vimechongwa mwaka wa kujengwa kule juu, vingi vishavunjwa inauma kwakweli. Mchana nendeni kwa wachoraji wa picha za Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay, wanachora mbele yenu, harufu ya rangi ya mafuta hiyoo. Bei wewe ndo uongee, mgeni akae kimya 😂 Nafasi Art Space, kile kituo cha sanaa Mikocheni, ulizia kwanza kama kuna maonyesho.