Miezi mitatu haikututosha

Swali lenu la wiki hii ni je, kijana akipata shida ya afya ya akili sanaa inamsaidia kweli au ni kupoteza muda, na familia ifanye nini. Mi najibu kama dada mtu, maana aliyeugua ni mdogo wetu wa mwisho, na jibu langu ni ndio inasaidia, ila iwe ya muda mrefu na nyumba nzima iwemo. Kingekosekana kimoja hapo sidhani kama tungefika tulipo.

Tunakaa Mbagala. Baba alifariki mwezi wa nne dogo akiwa form three, kufika mwezi wa nane dogo haongei. Mchana kalala, usiku yuko macho, chakula anakirudisha kama kilivyo, shule hataki hata kuisikia, yani unamsemesha anakuangalia kama uko mbali sana. Sisi tukaona ni ukaidi. Baba mdogo akaja akasema stresi za nini wakati ada analipiwa na kula anakula, na jirani mmoja akamwambia mama huyo wa kupelekwa Mirembe. Kila Mtanzania anajua jina hilo linavyotamkwa mtaani, ni hospitali ya Dodoma watu wanatibiwa wanarudi makazini kwao lakini sisi tumeligeuza tusi, na mama alilia kwa neno lile kuliko kwa ugonjwa wenyewe. Tukamsomea visomo, akanywa kombe, na sisemi vibaya maana hata mama alipata utulivu pale, ila dogo alibaki vilevile. Ndo tukaenda hospitali. Akapewa dawa, na tukaelekezwa sehemu kuna programu ya vijana wanachora na kaunsela. Niliseme hili mapema ili mtu asije akanielewa vibaya, dogo aliendelea na dawa muda wote na hakuna siku tuliambiwa kuchora ni badala ya dawa.

Ile programu ilikuwa ya miezi mitatu. Wiki ya kwanza mpaka ya nane dogo alikuwa anakaa tu na karatasi nyeupe mbele yake. Ya tisa akachora mlango. Ya kumi mlango, ya kumi na moja mlango, mweusi, wa makaa, anausugua mpaka karatasi inatoboka. Ya kumi na mbili tukapewa soda na vyeti tukaambiwa mradi umefika mwisho. Inaniuma mpaka leo, maana mtoto ndo kwanza kaanza kusema kitu kwa mkono wake na unamwambia muda umeisha. Wiki mbili baadae alijifungia chumbani upya na safari hii ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Kwa hiyo wanaoandaa hii miradi naomba mnisikie, kijana aliyefiwa na baba hafuati kalenda ya mfadhili, kama hamna uwezo wa kukaa nae ni bora mumkabidhi kwa mtu wa kuendelea nae kabla hamjafunga mlango.

Mungu saidia yule kaunsela alikubali kuendelea nae mwenyewe, kila jumamosi asubuhi, kwenye darasa la kuazima. Ilichukua miaka miwili na miezi mitatu.

Kitu kilichotusumbua mwanzoni ni kwamba sisi kwetu mchoro ni kitu cha kuuza. Dar ukisema mtu anachora watu wanawaza picha za Tingatinga, wanawaza soko la Mwenge na watalii, na baba mdogo alipoona karatasi ya kwanza aliuliza hii itauzwa bei gani. Nae mzee Tingatinga mwenyewe alianza miaka ya 60 na vibao vya dari na rangi za kupakia baiskeli akiwa anatafuta riziki, hiyo ni kazi ya heshima kabisa, ila hii ni kazi nyingine. Kaunsela alituelewesha taratibu kwamba hapa hakuna kuchora vizuri wala vibaya, mtoto anatoa nje kitu ambacho mdomo umeshindwa kukitoa ili akiangalie akiwa nacho kwa mbali kidogo. Na akatukataza kabisa kuuliza "hii ni nini?" au kutafsiri, yani usiseme rangi nyeusi maana yake anawaza kifo. Unakaa. Ukitaka kusema unasema "naona umetumia nguvu sana hapa" afu unanyamaza, akitaka ataongeza mwenyewe. Mama hilo la kunyamaza lilimchukua miezi, na mimi pia, maana sisi tunapenda mtu kwa kumuuliza maswali.

Kuna mchezo alitufundisha wa mistari, ulianzishwa na daktari mmoja wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott. Mmoja anachora mstari wowote bila kuwaza, mwingine anaugeuza uwe kitu, afu mnabadilishana. Siku mama alipoitwa kwenye kipindi akacheza na dogo, dogo akachora kama ndoano hivi, mama akaigeuza kofia, kofia ya baba ya kwenda ijumaa. Hakuna aliyesema neno pale. Dogo akachukua chaki akaongeza kanzu. Mama anasema ndo siku ya kwanza wao wawili kumlilia baba kwa pamoja, kabla ya hapo kila mtu alikuwa analia kwa kujificha ili asimuumize mwenzie.

Ila aliyefanya kazi kubwa kuliko wote ni bibi. Bibi yetu ni wa Rufiji, kalamu hajashika maisha yake yote, na alipoambiwa familia nayo ishiriki alisema mimi mchoro wangu ni huu, akatoa milala yake, yale majani ya kusukia mikeka. Akawa anakaa barazani jioni anasuka ukili, dogo anakaa pembeni, siku nyingi anaangalia tu, baadae akaanza kumpasulia milala, baadae kuichemsha kwenye rangi, mpaka akasuka wake. Na pale ukilini ndo alikoongea. Nadhani ni kwa sababu bibi alikuwa hamwangalii usoni, macho yote yako kwenye mikono, kwa hiyo mtoto hajisikii kama anahojiwa, anasema kidogo anarudi kwenye ukili, anasema tena. Bibi nae anajibu "enhee" anaendelea kusuka. Tulipomweleza kaunsela alifurahi sana akasema hiyo jioni ya barazani msiikate hata jumamosi zikiisha.

Haikuwa njia ya kupanda tu. Matokeo ya form four yalivyotoka alirudi chini tena wiki tano, milango ya makaa ikarudi kwenye karatasi. Tofauti ni kwamba safari hii tuliijua. Hakuna aliyemwita mvivu, baba mdogo yuleyule alikuja akakaa nae chumbani kimya mpaka adhana ya magharibi, na dogo mwenyewe ndo aliomba turudi kliniki mapema. Shirika la afya duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 mpaka 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, kwa hiyo darasa la watoto 70 wako kumi, na najiuliza wangapi nyumbani kwao wanaitwa wavivu.

Jambo la mwisho ni majina. Dogo alikuwa haandiki jina kwenye michoro yake, kaunsela hakumlazimisha ila alikuwa anaihifadhi yote kwenye faili, hata iliyotoboka. Nilikuja kusoma habari za mwalimu mmoja, Friedl Dicker-Brandeis, alifungwa na Wanazi wa Hitler kwenye kambi ya Terezín, akawa anawafundisha watoto wafungwa kuchora na anawahimiza kila mmoja aandike jina lake. Mwaka 1944 alipelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz akauawa huko, lakini michoro kama 4,500 ilikuwa imefichwa kwenye masanduku mawili na ipo mpaka leo Prague, na wengi wa wale watoto hawakurudi. Nilivyosoma vile nilielewa kwa nini kaunsela wetu alishtuka kwa furaha siku dogo, mwaka wa pili tayari, alipoandika jina lake kwenye kona ya karatasi, kadogo sana, kwa penseli.

Sasa hivi dogo yuko VETA anasoma useremala. Jumamosi ya mwisho kaunsela alimpa faili lake akamwambia ni lako, uamuzi ni wako. Alilileta nyumbani akaliweka chini ya kitanda, hajalifungua mbele yetu na sisi hatujamuomba. Mama akifagia chumba analizunguka.