Kabla hujaweka kalibresheni kwenye ADC yako

Wadogo zangu mnaoanza kudizaini ADC, yaani saketi inayogeuza volti kuwa namba, kuna jambo mimi nililijua kwa kuchelewa na lilinigharimu chipu nzima, sitaki na nyie mlipitie. Usiache tatizo kwenye analogi kwa kutegemea kalibresheni, yaani kupima makosa ya saketi na kuyarekebisha kwenye digitali, itakuja kulimaliza. Itakuja ndio, ila inakuja na tumbo lake, nayo inataka kulishwa umeme.

Chipu yangu ya kwanza ilikuwa SAR ya biti 12, aina ya ADC inayotafuta jibu hatua kwa hatua, biti moja baada ya nyingine. Nikaweka kapasita ndogo kupindukia ili DAC (kapasita zinazotengeneza volti ya kulinganishia kwa kila hatua) isile umeme, nikajiaminisha kwamba zisipolingana nitazirekebisha kwenye digitali. Chipu imerudi, tumepima, ADC yenyewe kweli inakula kidogo lakini lojiki na memori ya kalibresheni vinakula kuliko ADC, alafu bafa ya refarensi, yaani saketi inayoilisha DAC volti yake ya kipimo, ambayo kwenye hesabu zangu hata sikuiweka, ndo inakula kuliko vyote. Na kifaa chenyewe kilikuwa cha kuamka, kupima, kulala, kwa hiyo kila kikiamka kinasubiri kalibresheni iishe ndo kianze kazi. Iliniuma sana.

Siku hizi naanza na noizi. Kapasita ya 1 pF (pikofaradi) kwenye joto la kawaida la chumba inakupa noizi ya kama mikrovolti 64, na ADC ya biti 12 yenye upana wa volti 1 ina ngazi ya mikrovolti 244, ambayo noizi yake ya kukadiria (kosa la kugeuza volti kuwa ngazi) ni kama mikrovolti 70. Ukizijumlisha umepoteza karibu nusu biti. Kama unaweza kuvumilia hiyo, basi noizi haikulazimishi uongeze kapasita. Shida ni kwamba ukigawa hiyo 1 pF kwenye vipande 4096 kila kimoja kinabaki na 0.24 fF (femtofaradi, elfu moja ndo pF moja), na vipande vidogo namna hiyo havilingani, maana ili tofauti ipungue nusu lazima eneo liwe mara 4. Kwa hiyo noizi na kulingana ni maswali mawili tofauti, yajibu moja moja, usiyachanganye.

Ofseti ya komparata, yaani kosa lisilobadilika la saketi inayoamua volti ipi ni kubwa, ndo inawatisha wengi bure. SAR yenye komparata moja, ofseti inasogeza namba zote za matokeo kwa kiasi kilekile, mstari wa volti dhidi ya namba haupindi, kwa hiyo kazi nyingi haihitaji kalibresheni kabisa. Lakini hapa kuna mtego na naomba msome taratibu. Mwaka 2010 ilitoka njia ya kubadili kapasita upande mmoja tu kwa kila hatua, inapunguza nishati ya DAC kwa kama asilimia 81 ukilinganisha na njia ya zamani, kila mtu akaipenda, na mimi pia. Ila kwenye hiyo njia volti ya kati (wastani wa pande mbili) kwenye mlango wa komparata inashuka kila hatua, na ofseti inabadilika nayo, sasa ile ofseti iliyokuwa haina madhara inaanza kupindisha mstari, unajikuta unatafuta kalibresheni kwa tatizo ulilolileta mwenyewe ukiokoa umeme sehemu nyingine. Kuna njia zinazoshikilia volti ya kati palepale na bado zinaokoa nishati nyingi, mi naanzia huko.

Kitu kingine kinachoeleweka vibaya ni hatua za ziada, yaani kuzipa hatua uzito (ukubwa wa kapasita ya kila hatua) usio wa mara mbili mbili ili uamuzi wa mwanzo ukikosea wa baadaye urekebishe. Nimeshaulizwa mara nyingi kama hiyo inaponya kapasita zisizolingana. Haiponyi! Inasamehe uamuzi mbaya, yaani DAC haijatulia au komparata imeyumba, lakini kama uzito wenyewe huujui sawasawa jibu litatoka kombo tu. Faida yake ni kwamba hatua za kwanza hazihitaji DAC itulie kabisa, kwa hiyo bafa ya refarensi inaweza kuwa dhaifu, na hapo ndo umeme mwingi unapookolewa. Vilevile komparata. Kupunguza noizi yake nusu kunagharimu nishati kama mara 4, basi hatua za mwanzo tumia ya hovyo kidogo, za mwisho ndo uilipe, au rudia uamuzi wa mwisho mara kadhaa uchukue wa wengi.

Kuunganisha ADC kadhaa kwa zamu sitasema mengi, ofseti, geini (ukuzaji) na muda wa kupima vyote vinatakiwa vilingane kati ya chaneli, kwa hiyo hakikisha kwanza chaneli moja imeshindwa kweli.

Mkisoma ile orodha ya ADC zilizochapishwa ya mtafiti Boris Murmann inayoanzia 1997, ambayo ni nzuri sana na kila mmoja wenu aifungue, rudini kwenye makala yenyewe muangalie kama bafa ya refarensi imehesabiwa. Mara nyingi haimo.

Na kabla hujatuma chipu, weka swichi ya kuzima kalibresheni yote, na laini yake ya umeme iwe peke yake ili upime ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Chipu yangu ya pili niliiweka hiyo swichi, kapasita nikaziongeza kidogo na kuzipanga vizuri kuzunguka katikati, tukapima ikiwa imezimwa, mstari ukapita. Ya tatu hatukuijenga kalibresheni kabisa.