Ukienda Makaburi ya Vita ya Ngong Road, Nenda na Jina la Mtu

Jumapili ya pili ya Novemba, makaburi ya vita yaliyo kando ya Ngong Road hapa Nairobi hujaa sare za kijeshi. Maafisa wa KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, huja, mabalozi huja na waambata wao wa kijeshi, na wazee wetu waliostaafu huja na medali kifuani. Tarumbeta hupigwa, watu hunyamaza dakika mbili, kisha wakuu hupita mmoja mmoja kuweka mashada ya maua. Kwa miaka sasa nimekuwa nikimsindikiza baba yangu, mwanajeshi mstaafu, kwenye ibada hiyo ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Vijana wa ukoo na majirani huniuliza: mimi raia, nikienda nitafanya nini pale? Huwajibu hivi: nenda na jina la mtu mmoja.

Jenerali anapoinama kuweka shada na kurudi nyuma kupiga saluti, anawaheshimu wote kwa pamoja, na ndiyo kazi aliyotumwa. Pale Ngong Road pana makaburi zaidi ya 1,900 ya Vita Kuu ya Pili. Hakuna mkuu anayeweza kusimama mbele ya kila moja. Mtu mmoja mmoja hukumbukwa na watu wa kwao, na watu wa kwao tusipofika, shada la maua linamfikia kama mgeni tu.

Kwetu jina hilo ni la kaka mkubwa wa babu. Alikuwa katika kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na tarehe 12 Februari 1944 alikuwa ndani ya meli ya Khedive Ismail ikielekea Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, na zaidi ya nusu yao walikuwa wa kikosi hicho kimoja. Nyumbani Machakos hakuna kaburi lake. Lakini ndani ya makaburi ya Ngong Road upo Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, na majina ya wanaume wale wa baharini yamechongwa pale. Shangazi yangu alipofikishwa mbele ya jina hilo aliligusa kwa kidole, akamsalimu kwa Kikamba, akaanza kumpa habari: nani amezaliwa, nani ameolewa, shamba la kando ya mto limegawanywa vipi. Maafisa walikuwa bado wanapiga picha upande wa pili. Sijaona heshima kubwa kuliko ile.

Kulipata jina kunataka subira. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha kwenye tovuti yake, na kutafuta ni bure. Tatizo ni kwamba majina yetu yaliandikwa na makarani na maafisa walioyasikia kwa sikio geni. Kioko anaweza kuwa Kyoko, Mutua akawa Mtua, na wengine wana jina moja tu bila la baba. Kwa hiyo usikate tamaa ukikosa mara ya kwanza. Jaribu tahajia tofauti, kisha tafuta kwa kikosi na mwaka wa kifo badala ya jina. Ikiwa kuna barua ya jeshi iliyobaki kwenye sanduku la bibi na mchwa hawajaila, humo huwa na namba ya askari, na namba hiyo ina thamani kuliko tahajia yoyote. Ukimpata, chapisha karatasi yake. Itakuonyesha sehemu na safu ya kaburi, au ubao wa mnara ambao jina lake limo.

Hakikisha pia ni makaburi yapi. Askari wetu wengi walikufa Burma, Bama kama wazee walivyoiita, na wale wasiojulikana walikozikwa wameandikwa kwenye Mnara wa Rangoon, ulioko Taukkyan nchini Myanmar, wenye majina karibu 27,000. Nimeona familia ikizunguka safu za Ngong Road asubuhi nzima, mzee akiwa juani, kumbe mtu wao yuko ng'ambo ya bahari. Hata hivyo si safari ya bure ukijua mapema. Mnaweza kusimama penye mnara na kumtaja pale pale, wenzake wa jeshi wako karibu.

Kuna ambao jina lao hutalikuta kwenye jiwe lolote, na hili linaniuma. Ni wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Makumi ya maelfu walikufa wakibeba risasi na unga kuelekea Tanganyika, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi za Wajerumani. Pale Kenyatta Avenue, kwenye sanamu tatu za shaba ambazo wengi wetu tunazipita tukikimbilia matatu, mpagazi yupo, pamoja na askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) na mpiganaji Mwarabu. Maandishi ya pale, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kuwa anayekufa akipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halikuandikwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati waliachwa bila kuandikwa kwa majina, na kwamba idadi inaweza kufika 350,000. Iliomba radhi.

Radhi ni jambo jema, lakini wewe usingoje mnara mpya. Wazee wanaojua hadithi hizi wanaondoka. Keti na aliye mkubwa kuliko wote katika ukoo, umuulize ni nani alichukuliwa na serikali ya wakati huo asirudi. Andika jina kama anavyolitamka yeye, jina la baba yake, kijiji, rika lake kama mnafuata marika, na nani amekusimulia. Andika kwa kalamu kwenye daftari la familia au ukurasa wa mwanzo wa Biblia, kisha umtumie mtu mwingine nakala. Halafu mpeleke mzee Kenyatta Avenue siku ya Jumapili asubuhi, barabara ikiwa tulivu.

Kuhusu siku yenyewe ya ibada sina mengi. Ulizia mapema kuhusu kuingia, maana wakuu wanapokuwepo ukaguzi huwa mkali. Matatu za 111 hupita Ngong Road. Mvua za vuli huwa zimeanza, kwa hiyo mwavuli, na kiti cha kukunja kwa mzee, kwa sababu kusimama ni kurefu. Simu iwe kimya. Na usiondoke pamoja na msafara wa magari. Baada ya wakubwa kwenda ndipo safu zinakuwa zenu.

Sasa niseme juu ya waliokufa majuzi, maana hapo ushauri unabadilika. Siku ya KDF, tarehe 14 Oktoba, inakumbuka jeshi letu kuingia Somalia mwaka 2011, na Mkuu wa Majeshi huweka shada kwa ajili ya waliokufa kazini. Tarehe 18 Aprili 2024 tulimpoteza Mkuu wa Majeshi mwenyewe, Jenerali Francis Ogolla, helikopta ilipoanguka Sindar, Elgeyo Marakwet. Alizikwa Ng'iya, Siaya, siku ya tatu, bila jeneza, kama alivyousia. Nchi nzima ilimlilia, na alistahili. Walikufa naye wanajeshi tisa. Jiulize unaweza kuwataja wangapi, kisha katafute majina yao uyasome.

Kwa hawa, wajane na wazazi wapo hai, tunaabiri nao matatu moja. Mume wa shemeji yangu hakurudi kutoka El Adde, kambi ya KDF nchini Somalia iliyoshambuliwa tarehe 15 Januari 2016. Familia nyingi zilikaa siku nyingi bila habari, nyingine zikisubiri vipimo vya DNA, huku video za washambuliaji zikizunguka kwenye simu za watu. Ukiwa nazo za aina hiyo, zifute leo. Kuna mtoto wa miaka kumi na kitu anayeweza kumwona baba yake humo.

Ukikutana na mfiwa wa jeshi, usimuulize alikufaje. Muulize alikuwa mtu wa namna gani. Shemeji hujibu swali hilo kwa saa nzima: alivyopika chapati akiwa likizo, alivyowapigia simu watoto kila Ijumaa. Andika tarehe ya msiba kwenye kalenda yako, umpigie siku hiyo, si Oktoba peke yake. Nenda na unga, sukari, au karo ukiweza.

Na kama kanisani, msikitini au kwenye chama chenu mnataka kusoma majina ya wanajeshi wa mtaa waliokufa, jambo ambalo nalipenda sana, ziombeni familia ruhusa kwanza. Shemeji alikubali. Jirani yake mwenye msiba kama huo alikataa, kwa kuwa watoto walikuwa bado wadogo, nasi tukaenda kumwona nyumbani kwake jioni hiyo hiyo.