Maswali na Majibu: Kwale, Wadudu na Bunduki

Safari hii maswali karibu yote yanahusu kwale wanaowindwa mashambani Uingereza. Nimechagua matano.

Nafanya kazi shambani kusini mwa Uingereza. Kwale wenye miguu myekundu wamejaa, lakini mzee mwenye shamba anasema hao si kwale wenyewe. Ana maana gani?

Mzee wako yuko sahihi. Mwenye miguu myekundu aliletwa kutoka Ufaransa, na hadi leo mamilioni hufugwa kwenye mabanda kisha huachiwa kila mwaka ili wawindwe. Kwale mwenyeji ni yule wa kijivu: uso rangi ya chungwa, kifua cha kijivu, na tumboni doa la kahawia lililopinda kama kiatu cha farasi. Ukimwona, simama umtazame vizuri. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Uingereza imepoteza zaidi ya asilimia 90 ya ndege hao.

Watu waliwapiga risasi tangu enzi za mababu na hawakwisha. Sasa kimewamaliza nini?

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo wengi tunapokosea. Jike hutaga mayai 15 hivi kwa mkupuo mmoja, ni ndege wachache sana wanaoweza hivyo. Kwa hiyo mayai hayapungui. Tatizo ni kifaranga. Akianguliwa bado ni mdogo kiasi cha kuenea ndani ya ganda la yai la kuku, na katika wiki mbili za mwanzo hawezi kuishi kwa nafaka. Anataka wadudu: viwavi, mbawakawa wadogo, kunguni wa mimea. Wadudu hao nao hukaa kwenye magugu yaliyo katikati ya ngano.

Miaka ya 1950 dawa za kuua magugu zikaenea. Shamba likawa safi, mkulima akafurahi, na kifaranga akafa njaa ndani ya ngano iliyostawi. Aliyelithibitisha hilo ni mtafiti Dick Potts, ambaye mwaka 1968 alianza kupima wadudu na kuhesabu kwale kwenye vilima vya Sussex. Kazi hiyo iliendelezwa kila mwaka, na mimi naiheshimu kuliko tafiti nyingi za ndege ninazozijua, kwa sababu ilizaa suluhisho linalotekelezeka: mkulima hakuambiwa aache kupulizia shamba zima, aliambiwa abakize ukingo wa mita 6 tu usiopuliziwa.

Si wadudu peke yao, lakini. Ua za miti ziling'olewa ili matrekta yapite, na kwale hutaga chini, kwenye nyasi kavu za mwaka uliopita zilizo kando ya ua. Jike akiwa anaatamia, mbweha humkuta hapo hapo. Kwenye uwanda wa Salisbury, kati ya 1985 na 1990, watafiti walidhibiti mbweha, vicheche na kunguru upande mmoja na kuuacha mwingine, baadaye wakabadilishana. Upande uliodhibitiwa, jozi za kuzaliana ziliongezeka zaidi ya mara mbili ndani ya miaka mitatu.

Ndege anayejificha kwenye majani wanamhesabuje?

Mara mbili kwa mwaka. Machi, kwale wakishagawana wawili wawili, huhesabiwa jozi. Mavuno yakishatoka wanahesabiwa tena kwenye mabua. Alfajiri unaendesha gari polepole kandokando ya shamba, ukiona vichwa unasimama, unatoa darubini: baba, mama, na watoto ambao nyuso zao bado hazijapata lile chungwa. Unaandika wakubwa wangapi, watoto wangapi. Watoto wakiwa wachache kwa kila mkubwa, unajua Juni, vifaranga wanapoanguliwa, ilikuwa mbaya.

Kwa hiyo mwindaji ni adui au rafiki?

Inategemea anahesabu au hahesabu. Ushauri wanaopewa wenye mashamba ni huu: hesabu ya baada ya mavuno ikiwa chini ya kwale 20 kwa hekta 100, wa kijivu asipigwe hata mmoja. Hatari kubwa iko kwenye mawindo ya wale wa miguu myekundu. Kundi likiruka kwa kasi juu ya ua, asiye mzoefu hatofautishi, na wa kijivu wanaangushwa pamoja. Wengine hudhani watafidia kwa kuachia wa kufugwa. Wengi wa hao hufa upesi, hawajui mwewe wala mbweha. Kinachosaidia zaidi ni kuipa jozi iliyokosa watoto vifaranga wa kulea. Kwenye shamba la Duke wa Norfolk (duke ni cheo cha ukabaila) huko Arundel, Sussex, mwaka 2003 zilibaki jozi za kuhesabika kwa vidole. Wakapanda ua za miti, wakainua matuta ya nyasi katikati ya mashamba, wakadhibiti mbweha. Leo jozi ni mamia.

Niko Iringa. Kwale wetu wa Udzungwa naye awindwe kwa hesabu hiyo hiyo?

Hapana, ndugu yangu. Huyo ni wa msituni, hapatikani nje ya milima yetu, na yumo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Jamaa zake wa karibu wako Asia. Sayansi ilimjua mwaka 1991 tu, watafiti kutoka Denmark walipokuwa wakila kambini msituni na kuona kwenye sufuria miguu ya ndege wasiyemtambua. Vitanzi vya waya ukivikuta huko, ving'oe.