Baka kwenye ukoka: piga magoti kwanza, dawa baadaye

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kutunza ukoka wa majumbani hapa Tabora, mtaitwa sana mvua zikishachanganya, na tena kiangazi kikikolea. Mwenye nyumba atakuonyesha baka kavu katikati ya majani na kukwambia, "Fundi, piga dawa." Usipige bado. Mwaka wangu wa kwanza nilipuliza dawa ya ukungu mara mbili kwenye baka moja kule Kiloleni. Chini yake kulikuwa na mchwa tu, na yule mama alikuwa ameshalipa. Hela ile inaniuma hadi leo.

Nenda alfajiri, umande haujakauka. Katikati ya baka usihangaike napo, pameshakufa. Piga magoti ukingoni, pale mabichi yanapopakana na makavu. Ukiona nyuzi nyeupe mfano wa utando wa buibui, zinazopotea jua likipanda, hiyo ni kuvu. Chuma majani machache uyatazame moja moja: doa la ugonjwa mara nyingi limepauka katikati na pembeni limezungukwa na mstari wa kahawia. Kisha shika majani uvute. Yakichomoka kirahisi na chini yameoza, shuku rizoktonia, kuvu inayoozesha majani. Ukoka ukinyanyuka kama mkeka, mizizi imeliwa. Fukua kidogo utakuta mabuu meupe yaliyojikunja, au mchwa. Hapo dawa ya ukungu haina kazi.

Palipoungua katikati na kuzungukwa na kijani kilichokolea, uliza kama kuna mbwa anayekojoa hapo. Palipoungua kwa kufuata mkono wa aliyemwaga yurea, mwagia maji mengi, basi.

Swali la mbolea msiliruke. Rizoktonia hupenda ukoka ulioshibishwa yurea wakati wa joto na unyevu. Kuna ugonjwa mwingine wenye madoa madogo ya ukubwa wa sarafu, rangi ya majani makavu, na huo hushika ukoka wenye njaa. Wa kwanza unasimamisha mbolea, wa pili unaongeza kidogo. Ukikosea hapo unaulisha ugonjwa.

Duara la uyoga baada ya mvua mara nyingi linatokana na kisiki kilichofukiwa wakati wa kujenga. Najua watu wa huku tunavyopenda uyoga, lakini huo wa uani, penye dawa, msiule.

Tiba huanza na maji. Wengi humwagilia jioni wakitoka kazini, majani yakalala yamelowa usiku kucha. Hamishia alfajiri, maji yazame, kisha pumzisha siku mbili tatu. Chini ya mwembe punguza matawi hewa ipite. Kwangua takataka kwa reki, toboa ardhi kwa jembe uma, na ukikata usizidishe theluthi ya urefu wa jani. Sehemu yenye ugonjwa ikate mwisho, halafu osha mashine.

Dawa ije baada ya hayo. Mankozebu, dawa ya ukungu ya duka la pembejeo, hukaa juu ya jani na kulinda lile ambalo halijashikwa. Jani lililokufa haiwezi kulifufua. Kwa hiyo pulizia ukingo na ukoka mzima unaouzunguka, mvua ikiwa haiko karibu. Kipimo ni kile cha kwenye kibandiko, hata mwenye nyumba akikuhimiza uongeze. Vaa glavu na barakoa, watoto na kuku wasikanyage hapo mpaka pakauke.

Kabla ya kuondoka, chomeka vijiti kuzunguka ukingo wa baka. Rudi baada ya siku nne. Ukavu ukiwa umevuka vijiti, bado hujashika chanzo, anza upya alfajiri. Ukiwa umesimama pale pale na vikonyo vya ukoka vinaanza kutambaa kuingia ndani, mwambie mwenye nyumba asubiri, na usimuuzie dawa nyingine.