Mwanangu, kuhusu zile dawa

Salaam aleikum mwanangu,

Voisi yako nimeisikiza mara tatu. Umeuliza hizi fluoxetini, dawa za ugonjwa wa huzuni ulizopewa, zinafanyaje kazi, na mbona leo siku ya 12 huoni kitu ila kichefuchefu.

Nakupa nilivyoelezwa. Seli za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali, moja yaitwa serotonini, seli ikishaitoa huivuta tena ndani, sa dawa inaziba ule mlango wa kuvutia ili serotonini ikae nje muda zaidi. Hiyo inaanza ndani ya masaa. Lakini moyo kupata nafuu ni kama wiki 2 mpaka 6, ubongo wenyewe lazima ujipange upya, na hapo hata wataalamu bado wanabishana, si kama tangi limepungua maji ukajaza. Ni kama jahazi, nawaambia watu siku zote, likikaa juu kavu miezi, siku ya kushushwa litavuja tu, hata fundi awe nani. Wacha mbao zinywe maji.

Na mimi ninayesema hivi ndiye niliyetupa dawa za mamako.

Nduguyo alikuwa na miezi 3, mamako amelala ameelekea ukutani, mtoto analia hageuki. Akapewa amitriptilini, zile za zamani, kwenye bahasha ya kaki imeandikwa kwa kalamu, usiku. Wiki ya pili mdomo unamkauka, anasinzia, huzuni iko vile vile. Nikasema hizi zinanimalizia mke. Nilidhani ni kama Panadol, umeze kichwa kiache. Baada ya magharibi nikaenda nazo gatini nikamwaga zote, nikarudi nikamwambia. Hakusema neno. Angegomba! Kile kimya chake mpaka leo kinanichoma. Nilimtakia mema, ndio, lakini... hapana, sina udhuru, sikumuuliza yeye wala daktari.

Shangazi yako ndiye aliyemrudisha kliniki, wakaanza tena mwanzo. Wiki ya sita nimekaa dakani namsikia anamfokea muuza samaki, "tafi huyu wa juzi, macho yashaingia ndani!" Wallahi nililia pale pale na watu wanapita.

Sa wewe, sitaki kukwambia meza ama wacha, hilo ni lako na daktari wako, ya kwanza isipokukubali kuna nyengine, wengi hubadilishiwa. Lakini usiache ghafla kwa kichwa chako, na usiamue wiki ya pili. Haya, nimeshasema, na nilisema sitasema. Na yakikujia mawazo ya kujidhuru, maana hizi wiki za mwanzo vijana wengine huwajia, usingoje siku ya kliniki, mwambie daktari hapo hapo, nami nipigie hata saa 8 usiku.

Mamako ameisoma hii barua, ile ya gatini hakuifuta. Jumamosi anapanda boti ya alfajiri kwenda Mokowe, kule bara, jioni basi litakuwa Mombasa, anakuletea mofa na tafi mkavu. Mpokee stendi.